Aliyemleta Ndiye Atakayemtoa

Nilipokuwa mtoto, pale Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, hatukufundishwa kuwaogopa wagonjwa wa kichwa. Tulifundishwa kuiogopa njia yao. Wakubwa wetu walisema kwamba mtu aliyeharibikiwa na akili akipelekwa kutafutiwa dawa, ugonjwa wake humfuata nyuma mpaka kwenye mlango wa mtabibu, ukalala nje kama mbwa, ukangoja. Akipona, sharti atolewe na yule yule aliyempeleka. Akitolewa na mwingine, ugonjwa unaona kuwa njia haikufungwa, unainuka na kuongozana naye hadi nyumbani. Nilikua nikilijua jambo hilo kama nilivyojua jina la baba yangu, na sikuwahi kuuliza nani alilianzisha.

Nifafanue neno moja kabla sijaendelea. Kwetu munganga ni wa hospitali, mwenye sindano na vidonge. Yule wa mizizi na majani ni mufumu. Watu wa nchi nyingine huwachanganya. Sisi hatuwachanganyi, ingawa wagonjwa wetu huwapitia wote wawili, na mchungaji akiwa wa tatu.

Leo mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko karibu na soko la Baraka, na wanawake wanaokuja kushonesha vitenge, hata wale wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda, wakishapimwa kiuno hawaondoki. Wanakaa. Wanazunguka maneno, halafu wanauliza kile walichokuja kuuliza: "Mauwa, we unajua ile mambo. Mutoto wangu halali, anasema peke yake. Tumupeleke wapi?" Wananiuliza mimi kwa sababu ya mama yangu. Kila mtu mtaani kwetu anaijua habari ya mama yangu, na karibu kila mmoja anaisimulia vibaya.

Mama aliuza ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa wanaoanikwa juani. Alikuwa mwanamke wa mdomo, mwenye utani na kila mtu, na mteja aliyekuja kupunguza bei aliondoka akicheka na bei ikiwa pale pale. Baba alikuwa mvuvi, baadaye akaenda kuchimba dhahabu upande wa Lulimba, kama wanaume wengi wa umri wake. Tuliishi na tate, yaani bibi yangu mzaa mama, mwanamke wa kanisa ambaye aliomba kabla ya kula, baada ya kula, na katikati pia chakula kilipokuwa kidogo.

Kisha mdogo wangu akafariki. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa bila kushikwa. Ni homa tu, homa ya kawaida iliyowachukua watoto wengi mwaka huo. Mama hakulia. Watu walimsifu kwamba ni jasiri, lakini tate alimtazama na kusema, "Huyu hajalia. Mi naogopa muntu asiyelia." Haukupita muda mrefu mama akaacha kulala. Akawa anafagia uwanja, anamaliza, anaanza tena. Asubuhi alikuwa anateremka ufukweni, anatandika lile turubai lake la kuanikia samaki, bila samaki hata mmoja, halafu anakaa pembeni na fimbo akiwafukuza ndege. Ndege wenyewe hawakuwapo. Watoto walicheka. Mimi nilikaa karibu naye nikiwafukuza pamoja naye, maana nilifikiri tukiwafukuza vizuri atatosheka na kurudi nyumbani.

Ilipofikia kuingia ziwani na nguo zake, akienda mbele mpaka maji yakafika kifuani, tate akampeleka kwenye chumba cha maombi cha kanisa lao. Siwezi kusema uongo juu ya watu wale. Waliimba vizuri sana, na mama alipokuwa anaimbiwa alitulia, mikono yake ikalegea, na mara nyingine alishika sauti ya pili kama zamani. Lakini walimfungisha. Walisema pepo huyu hatoki tumbo likiwa limeshiba. Mtu asiyelala, ukimnyima na chakula, anabaki na nini? Alirudi nyumbani mifupa ikionekana shingoni, na usemi wake umeharibika zaidi. Tate hakuwahi kuwalaumu. Alisema imani yetu ndiyo ilikuwa ndogo, na mpaka leo nikikumbuka maneno hayo naudhika.

Baba alirudi kutoka Lulimba alipopata habari. Alimkuta mkewe ameketi nyuma ya nyumba akiongea na ukuta. Alikaa karibu naye kutwa nzima. Jioni alimwambia tate kwamba kuna mufumu mmoja juu milimani, njia ya kwenda Fizi, mwanamke aitwaye Mama Wabiwa, anayetibu vichwa. Wachimbaji wenzake walimjua. Tate akasema jambo ambalo sikutegemea kulisikia kwa mwanamke wa kanisa. "Kichwa yake haikupotea, ilichukuliwa. Muende. Mi nitaomba huku, we utembee huko. Mungu ataangalia njia yenye atapita."

Tuliondoka asubuhi, baba, mama na mimi. Mimi nilichukuliwa kwa sababu mama hakukubali kutoka uani bila kuniona mbele yake. Na baba alimfunga kamba. Lazima niseme hivyo, kwa kuwa alimfunga. Ilikuwa kamba ya nyavu, mkononi kwake na mkononi kwa baba, kwa maana kila tulipofika mahali ziwa linapoonekana chini, mama aligeuka na kutaka kukimbia. Watu wa vijiji vya njiani walisimama kando wakatutazama. Wengine walimjua baba, walimwita kwa jina, na yeye aliitikia bila kuinua uso. Njia inapanda, jua lilikuwa kali, na mimi nilikuwa mbele nimebeba sahani na kitenge cha kubadilisha. Sikutazama nyuma, kwani tate alikuwa amenionya kwamba mtu akimpeleka mgonjwa wa kichwa asitazame nyuma. Kwa hiyo safari ile yote niliisikia tu. Nilisikia mama akitukana, akiimba, akimwita mtoto aliyekufa, na baba akisema kila mara kwa sauti ya chini, "Twende, Mama Mauwa. Twende tu."

Mama Wabiwa hakuwa kama nilivyomfikiria. Nilitegemea mtu wa mifupa na manyoya. Nikaona mwanamke mnene, mwenye kitambaa kichwani, anayevuta ugoro na kupiga chafya, aliyetukaripia kwa kuleta mgonjwa bila kumpa maji ya kunywa. Uani kwake kulikuwa na vijumba vya udongo, na wagonjwa wengine wakitwanga sombe, yale majani ya muhogo, wengine wakilala. Aliikata ile kamba yeye mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Kisha akamwuliza baba.

"Ni nani alimuleta?"

"Ni mi."

"We ni nani yake?"

"Bwana yake."

"Basi ni we utamutoa. Mwingine akikuya, hata mama yake, simupatii."

Akamwambia baba akanyage ardhi mbele ya kijumba kimoja. Akachota udongo wa ile alama ya mguu, akaufunga katika jani la mgomba, akalitundika juu ya mlango. Siku ya kutoka, alisema, baba angekuja, udongo ungemwagwa juu ya mguu wake mwenyewe, mama angepita, na njia ingefungwa. Baba aliitikia kwa kichwa. Alimtazama mama, ambaye alikuwa amekwisha kaa chini na kuanza kuchambua maharage ya mtu mwingine, halafu akanishika mkono tukaondoka. Kesho yake alirudi Lulimba.

Nitasema ninachojua juu ya dawa, maana watu huniuliza hasa hicho. Mama Wabiwa alimnywesha maji ya mzizi uliochemshwa, machungu kiasi kwamba harufu yake tu ilifanya ulimi ukunjamane. Mama akalala. Baada ya miezi ya kukodoa macho, alilala. Alimfukiza kwa mvuke wa majani chini ya blanketi, alimwogesha asubuhi kwenye kijito kinachopita uani, na alimpa kazi. Hilo watu hulisahau. Hakumwacha akae. Alimpa kinu, alimpa ufagio, alimpa mgonjwa mwingine dhaifu zaidi wa kumlisha.

Wakati huo palikuwa na munganga, kijana mmoja aliyepita vijijini na pikipiki, ametumwa na shirika fulani kutibu watu waliovurugwa na vita. Alikuja kwa Mama Wabiwa, akafukuzwa. Akarudi. Tate na mimi tulikuwapo siku waliyogombana kweli, kwa kuwa likizo za shule tulikuwa tunapanda huko na unga na samaki wa kumlisha mama. Munganga alikuwa ameanza kumpa mama vidonge, na Mama Wabiwa hakuwa ameacha mzizi wake. Mama akawa mtu wa kulala tu, mate yanamtoka, hajui asubuhi wala jioni.

"Mama, hii dawa na ule muzizi, ukimupa byote pamoja hataamuka," munganga alisema.

"We unakuya na pikipiki, unarudi na pikipiki," Mama Wabiwa akajibu. "Akipiga kelele ni mi nalala naye hapa. We unajua nini?"

"Najua hiyo moja tu. Byote pamoja hapana."

Walirushiana maneno mpaka ugoro ukaisha mkebeni. Mwisho mzizi uliachwa, vidonge vikabaki, na mvuke, kijito na kinu vikabaki vilevile. Hawakupatana kwa upendo. Walipatana kwa uchovu, kila mmoja akimwona mwenzake mkaidi, na kwa bahati mama yangu akawa katikati ya ukaidi wao. Kitu gani kilimponya? Watu wa hospitali hunipa jibu lao, watu wa mizizi lao, na tate alikuwa na lake mpaka anaingia kaburini. Mimi sijui. Nilimwona akipona, basi.

Nakumbuka siku niliyojua kwamba amepona. Tulifika uani, mama akiwa anatwanga, akanitazama kuanzia chini hadi juu na kusema, "Nani alikusuka ile nywele? Ni tate? Tate, macho yako iko namna gani?" Tate alikaa chini pale pale kwenye vumbi na mzigo wake kichwani, akalia. Mama alinifumua, akanisuka upya, na vidole vyake vilikuwa vile vile, vya haraka, vinavyouma kidogo. Aliniuliza juu ya shule. Alimtaja mdogo wangu kwa jina lake, akasema alikuwa mtoto mzuri, kisha akalia, kilio cha kawaida cha mtu aliyefiwa. Mama Wabiwa alikuwa amesimama mlangoni, akasema, "Sasa bwana yake akuye."

Ndipo mambo yalipokwama.

Tulimtumia baba habari kwa wachimbaji. Majibu yalikuja kwamba ameisikia. Baadaye simu zikafika kwetu, na tate alikuwa akienda kwa mfanyabiashara mmoja mwenye simu, wakipanda naye kwenye kilima ambapo mtandao unashika, wakampigia. Sauti ya baba ilitoka mbali. "Ambia Mama Mauwa nakuya. Mvua ikiisha nakuya." Mvua iliisha. Akasema akimaliza shimo analochimba. Akasema akipata gari. Watu wakaanza kusema yao, kwamba ana mwanamke Lulimba, kwamba dhahabu imemlewesha. Na anayetoka Lulimba kuja Baraka lazima apite kwa Mama Wabiwa, barabara ni ile ile moja. Mwanamke mmoja wa soko aliapa kwamba alimwona juu ya lori la mizigo, limepita mbele ya ua ule mchana kweupe, naye amejifunika uso kwa turubai. Alikuja hadi Baraka, akauza alichouza, akarudi na njia ile ile. Hakutufikia sisi. Sijawahi kumwuliza kama ni kweli.

Mtu wa mbali atasema: mwanamke amepona, ana miguu, si ajiondokee? Munganga wa pikipiki alisema hivyo hivyo. Alisema mama anaweza kwenda nyumbani na vidonge vyake hata leo. Mama Wabiwa mwenyewe, mwishoni, alianza kulegea. Aliyekataa alikuwa mama. Aliamini, kama sisi sote tulivyoamini, kwamba kile kitu kiko nje ya ua kinangoja, na kwamba akitoka vibaya kitaingia Baraka pamoja naye, ndani ya nyumba yenye mtoto. Mtoto huyo ni mimi. Alikuwa ananilinda, na kila likizo nilipomwacha pale sikuweza kuelewa kwa nini mama mzima wa kichwa hanifuati.

Tate ndiye aliyepata wazo la viatu. Baba mdogo, ndugu yake baba, kwa desturi ni baba pia. Ni damu moja na mgongo mmoja. Nyumbani kwetu palibaki viatu vya tairi ambavyo baba alivaa siku ile ya kumpeleka mama. Tate alifikiri kwamba baba mdogo akivivaa, akikanyaga pale penye alama, njia itaona mguu uliokuja ndio huu umerudi. Alimwuliza Mungu ruhusa kwanza, kwa sauti, mbele yetu, akieleza jambo lote kana kwamba Mungu ni mgeni Fizi. Tukapanda mlima, baba mdogo akichechemea, kwa maana mguu wake ni mkubwa kuliko wa kaka yake na vidole vilikuwa vinatoka nje.

Mama Wabiwa aliona, akatupisha mlangoni. Nadhani angekubali. Baba mdogo alisimama mbele ya mlango, akasafisha koo. "Shemeki, nimekuya kukutoa."

Mama alitoka. Alimtazama usoni, akashuka mpaka kwenye viatu, akavitambua. Akacheka kwanza, kile kicheko chake cha sokoni, na sisi wote tukacheka, hata baba mdogo. Kisha kicheko kikamwishia.

"Shemeki, aksanti. Viatu ni byake. Lakini mi nilitaka akuye yeye."

"Atakuya."

"Siku atakuya nitatoka."

Alisonga bugali, tukala. Alimpaka baba mdogo mafuta ya mawese kwenye malengelenge. Tulipoondoka alitusindikiza mpaka kwenye mgomba wa mwisho wa ua, akasimama. Pale ndipo aliponiambia, mimi peke yangu, wengine wakiwa wametangulia, "Baba yako si mubaya. Siku ile, mi nilikuwa naona byote. Watu wanafikiri muntu wa kichwa haoni. Kila mlima alikuwa ananilegezea kamba, ananipatia maji, anafunga tena, na mikono yake inatetemeka. Nataka akuye nimwambie nilimuona." Nilikuwa mtoto. Nilidhani anataka tu kupiga naye soga. Sikujua kwamba hayo ndiyo maneno ambayo, kwa kutomfikia baba, yalikuwa yamezuia kila kitu, wala hakuna mtu mzima aliyejua, kwani hakuna aliyejua baba anaogopa nini.

Mama alikaa kwa Mama Wabiwa miaka. Akawa mkono wake wa kulia. Wagonjwa wapya walipoletwa wakitukana na kupiga, ni yeye aliyewapokea, akiwakata kamba. Munganga alipoondoka aliwaachia zahanati ya karibu maagizo, na Mama Wabiwa mwenyewe alikuwa akienda kumchukulia mama vidonge vyake. Nami nilikua nikiwa na mama wa likizo. Wenzangu shuleni waliposema mama amesema hivi, mama amekataza vile, mimi nilikuwa nahesabu ni lini shule zitafungwa.

Malaria ndiyo iliyomwua. Si kichwa, wala pepo, wala njia. Ilikuja wakati wa mvua kubwa, wakati ule barabara ya Fizi inapokuwa tope tupu, ikamwangusha haraka kuliko habari zilivyoweza kuteremka mlimani. Kondakta wa lori lililokwama njiani ndiye aliyetuletea habari, kwa miguu. Alivua kofia kabla ya kusema, na tate akaelewa kabla hajasema. Nilikuwa msichana mkubwa tayari. Tulipanda na baba mdogo na wanaume wa ukoo, na kipoyi, machela ya kumbebea, kwani hakuna gari lililokubali tope lile.

Baba alikuwa amefika kabla yetu, habari ikiwa imemfikia kwa wachimbaji. Alikuwa ametembea kutoka Lulimba, matope mpaka magotini, na alikuwa ameketi nje ya ua. Hakuwa ameingia. Alikuwa amezeeka. Mama Wabiwa alitoka, naye amezeeka. Sote tulitegemea amtukane, na mimi nilitamani amtukane. Alisema tu, "Umekuya kumutoa."

Baba akaitikia kwa kichwa.

"Kuya basi."

Alimpeleka mpaka mlangoni. Alilishusha lile jani, lililokuwa limebaki kavu kama karatasi, akalifungua, na udongo uliokuwa ndani ulikuwa vumbi kidogo tu. Akaumwaga juu ya mguu wa baba. Akasema, kwa sauti ile ile aliyotumia kuwaambia wagonjwa wote waliotoka kwake wazima, "Aliyemuleta amekuya. Mupite." Wakamtoa mama yangu akiwa amefungwa ndani ya kitenge chake kizuri, akapita mlangoni nyuma ya mumewe, njia ikafungwa kama inavyotakiwa.

Tukateremka. Baba hakukubali kubadilishana begani na mtu. Tulipopumzika mahali ambapo ziwa linaanza kuonekana, alikuja akaketi karibu na mimi. Hatukuwa tumesemezana bado.

"Mama yako," alisema, "alikuwa anasema nini juu ya ile kamba?"

Nilimtazama. Sikuelewa kwanza. Akaendelea, akiwa ameinamia mikono yake. "Muntu akipona anakumbuka. Nilijua atakumbuka. Nilimufunga kama mbuzi mbele ya watu. Nilisema nikienda ataniangalia, na mi nitajua amekumbuka."

Nikamwambia. Nilimpa maneno ya mama moja moja, kama alivyonipa, kuhusu kulegeza, maji, mikono iliyotetemeka, na kwamba alitaka aje amwambie alimwona. Baba alisikiliza yote. Halafu alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza, na wanaume wakainuka wakasogea mbali wakijifanya wanarekebisha kipoyi.

Nilimchukia miaka mingi. Sasa amekuwa mzee, anaishi chumba cha nyuma kwangu, nampikia, na chuki imechoka kuliko mimi. Akisikia mteja ameanza kueleza habari za mgonjwa, huchukua kiti chake na kwenda kukaa upande wa pili wa nyumba.

Nimeifikiria sana ile desturi. Mchungaji wetu wa sasa husema ni giza la wazee, na munganga ninayemfahamu husema ni ujinga unaochelewesha wagonjwa. Labda. Lakini niliwaona kwa Mama Wabiwa watu walioletwa na ndugu zao, ndugu wakaahidi, wakaenda, na jina lao likafutika. Nadhani aliyeianzisha desturi ile, zamani hizo, alikuwa amechoka kubaki na watu wa watu. Akatafuta namna ya kumfunga anayeleta, ili lazima arudi. Hakufikiria kwamba kuna atakayependa mno na kuogopa kurudi, wala mgonjwa atakayeamini mno na kumngoja.

Kwa hiyo wanawake wakiniuliza, hospitali au mufumu au maombi, mimi siwachagulii. Nawaambia waende hospitali wasifiche mizizi, waende kwa mufumu wasifiche vidonge, na wasimnyime mtu chakula kwa jina la Mungu. Nawauliza pia nani atarudi kumchukua, na lini. Wengi hukunja vitenge vyao na kuaga.

Wakisikia habari hii hunipa pole kwa ugonjwa wa mama yangu. Hapo ndipo wanaponiudhi, ingawa wana nia njema. Mama yangu alipona. Alinisuka nywele, alinicheka, alinikaripia kwa madaftari machafu. Alikufa akiwa na akili yake yote, na aliitumia yote kumngoja mtu mmoja.